Mwalimu, uso unaochonyota na kikopo kisicho na lebo: uchambuzi wa kisa

"Dada, una mafuta ya uso yasiyochoma?"

Swali lilikuwa hilo tu. Muulizaji ni mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Tanga aliyepangiwa kazi Makete. Mimi ni mfamasia, na duka tunalofanyia kazi liko Njombe mjini. Amekubali kisa chake kielezwe bila jina lake wala la shule, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili asitambulike. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu njia aliyopita yeye ndiyo wanayopita wengi wanaokuja kaunta kuuliza mafuta ya uso, na kwa sababu jibu alilolihitaji halikuwa kwenye rafu.

Nilimuuliza ni yapi yaliyomchoma. Akafungua mkoba na kupanga vitu juu ya kaunta: losheni mbili za mwili zenye manukato, chupa ndogo ya gliserini, kopo la mafuta ya mgando yenye harufu ya kakao, na kikopo cheupe cha plastiki kisichokuwa na andishi hata moja. Nikautazama uso. Mashavu yalikuwa yameiva kwa wekundu chini ya weusi, ngozi ya pembeni mwa pua inamenyeka, na vipele vidogo vimeuzunguka mdomo vikiacha ukanda mwembamba safi karibu kabisa na midomo. Mashavu yalikuwa na rangi nyepesi kuliko masikio na shingo. Alisema ngozi inavuta tangu anapoamka, na siku hizi hata maji matupu yanachonyota.

Ngozi inayochonyotwa na maji haina tena kinga yake ya juu. Mteja wa namna hii ukimuuzia krimu mpya, hata iwe nzuri kiasi gani, itamchoma, na ataihesabu pamoja na zile nyingine. Kwa hiyo sikumuuzia kitu hapo hapo. Nilimwomba anieleze tangu mwanzo.

Kutoka Tanga hadi nyanda za juu

Tanga hakuwa na shida. Asubuhi na jioni alinawa kwa sabuni ya kipande, akapaka mafuta ya mgando kidogo au mafuta ya nazi, basi. Kulikuwa na chunusi mbili tatu za kawaida. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi na joto, ngozi yake ilitoa mafuta yake yenyewe, na makosa ya sabuni yalikuwa yanajifunika.

Makete ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya wilaya iko juu ya mita 2,000, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa kali. Kule Kitulo hata barafu ya alfajiri huonekana kwenye majani. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo kuliko hewa ya joto, na upepo unazidi kuuondoa. Ongeza jiko la mkaa chumbani jioni, hewa inakauka zaidi. Maji yanayotoka kwenye ngozi yanaenda haraka kuliko Tanga, na mwalimu wetu hakuwa amebadilisha chochote isipokuwa makazi.

Alichofanya uso ulipoanza kupauka ndicho wanachofanya wengi. Aliona mpauko akadhani ni uchafu, akaanza kunawa mara tatu kwa siku. Kwa sababu ya baridi, alitumia maji ya moto. Sabuni aliyochagua ilikuwa ile ya kuua vijidudu, kwa imani kwamba vipele vinavyoanza kutokea vinatokana na vijidudu.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali: seli bapa zilizokauka ndiyo matofali, na kati yake kuna mafuta yanayozishikamanisha na kuzuia maji yasitoroke. Mfano huo ulienezwa na daktari wa ngozi Mmarekani, Peter Elias, na mpaka leo ndio unaofundishwa. Mafuta hayo ya katikati kwa uzito ni takribani nusu keramidi, robo kolesteroli, na asilimia 10 hadi 15 asidi za mafuta. Juu yake ngozi ina uchachu kidogo, pH yake ikiwa karibu 5 (kwenye kipimo hiki cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni zaidi). Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Kwenye kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo tofauti si ndogo. Sabuni huchukua uchafu pamoja na sehemu ya yale mafuta ya katikati, maji ya moto yanaisaidia, na vimeng'enya vya ngozi vinavyotengeneza mafuta mapya hufanya kazi vibaya pale uchachu unapopotea. Ukifanya hivyo mara moja kwa siku Tanga, ngozi inajirekebisha usiku. Ukifanya mara tatu kwa siku Makete mwezi wa Julai, haipati nafasi.

Wateja wengi hunieleza kwamba wamenunua sabuni ya mtoto ili kuwa salama. Sabuni ya mtoto ya kipande ni sabuni vilevile, na pH yake kwa kawaida iko juu kama za wenzake. Huenda ina manukato machache, lakini picha ya mtoto kwenye pakiti haibadilishi kemia.

Uso ulipokaza akanunua losheni ya kwanza. Ilinukia vizuri, ikalainisha kwa saa moja, kisha uso ukarudi kuvuta. Losheni nyepesi sehemu kubwa ni maji. Yakikauka, kinachobaki ni kidogo, na kwenye ukuta ulioharibika manukato hupenya kwa urahisi na kuchokoza. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kisha mwenzake wa shule akamshauri gliserini, akaipaka tupu, bila kuichanganya na chochote. Gliserini ni kitu kizuri sana ndani ya krimu. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashikilia. Lakini ikipakwa tupu mahali ambapo hewa ni kavu, inayavuta kutoka chini ya ngozi yenyewe, yanafika juu na kutoroka. Ndiyo maana alisema inanata, inachoma, na baada ya muda uso unakauka kuliko mwanzo.

Bibi yake alipoambiwa kwa simu, alitaka kumtumia liwa. Wanawake wa pwani wamepaka liwa vizazi na vizazi, na kwenye ngozi nzima sina neno nayo. Kwenye ngozi iliyochubuka, kitu chochote cha kusugua au chenye harufu ya mti kinaongeza maumivu. Nilimwambia amjibu bibi kwa heshima kwamba liwa itasubiri.

Kikopo

Kikopo cheupe aliuziwa na mtu anayewapitia walimu majumbani. Aliambiwa ni krimu ya kulainisha na kung'arisha, inachanganywa na mwenye ujuzi. Na kweli ilifanya kazi. Ndani ya wiki moja wekundu ulipotea, vipele vikafifia, uso ukawa mwororo na mweupe kidogo. Watu wakamsifia. Akaendelea kwa karibu miezi miwili. Kilipoisha, muuzaji alikuwa amesafiri, na siku chache baadaye uso ukalipuka kwa moto ule aliokuja nao kwangu.

Hiyo "wiki moja" ndiyo iliyonishtua kuliko vipele vyenyewe. Mafuta ya uso mazuri hulainisha siku hiyo hiyo, hilo ni kweli, lakini hayafuti vipele na wekundu kwa siku saba huku yakibadilisha rangi. Kinachoweza kufanya hivyo ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, na mara nyingi ni zile kali kama klobetasoli au betamethasoni, dawa zinazopaswa kuandikwa na daktari kwa muda mfupi na mara chache sana kwa uso. Dalili nyingine zilielekea huko huko: uso unakuwa mzuri unapopaka na kuasi unapoacha, vipele vinazunguka mdomo na kuruka ukingo wa midomo, mashavu yanaachana rangi na masikio.

Sikusema kwa uhakika kilichomo, kwa sababu kikopo hakipimwi kwa macho wala kwa pua. Huu mchanganyiko ambao mtaani tunauita mkorogo unaweza kuwa na vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina madhara yake. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, huacha mishipa midogo ikionekana na kuleta mchomo ukiacha ghafla. Haidrokwinoni huzuia utengenezaji wa rangi, lakini ikitumiwa muda mrefu na kwa wingi chini ya jua inaweza kuleta okronosisi, weusi wa buluu na kijivu usiotoka kirahisi. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza kwa wanawake waliojichubua tangu mwaka 1975. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtoto anayebebwa na mama anayeipaka hayuko salama. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa Japani mwaka 2013, uliziwekea nchi wanachama mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki kupita kiwango cha sehemu 1 kwa milioni. Kwetu Tanzania vipodozi vyenye viambata hivi vimepigwa marufuku, na usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Rwanda nao waliingia madukani mwaka huo huo wa 2019 kuziondoa bidhaa za kujichubua. Sheria ipo. Kikopo kisicho na lebo kinapita pembeni yake kwa sababu hakipiti dukani.

Nataka kusema jambo moja kwa mwalimu na kwa wengine walio kama yeye. Hakuomba kujichubua. Alitaka uso uache kukaza, akapewa kitu kilichofanya yote mawili, na sifa za watu zikamfanya aamini kwamba weupe ule ni afya. Sioni aibu yoyote ndani yake. Aibu ni ya anayechanganya na kuuza.

Nilichofanya siku hiyo ni kumwandikia barua fupi na kumwelekeza kwa tabibu wa ngozi. Katika nchi yetu wataalamu hao si wengi, lakini si lazima uwe Dar es Salaam kuwapata: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimekuwa kikifundisha pia matabibu wanaorudi kufanya kazi mikoani. Kuacha steroidi kali baada ya miezi ni kazi ya mtaalamu. Wengine huachishwa mara moja, wengine hushushwa hatua kwa hatua, na wengine hupewa dawa ya kumeza. Yeye alipewa mpango wake, na dawa zake sizitaji hapa, maana atakayezisoma atakwenda kuzinunua bila cheti.

Kupunguza kwanza

Aliporudi kutoka kwa tabibu, tulianza na vitu vya kuondoa, na ndiyo sehemu iliyomkera. Alikuwa amekuja kununua, nami nilikuwa namnyang'anya. Kikopo, nje. Losheni zote mbili, kwa miguu na mikono tu. Gliserini tupu, nje. Sabuni ya kuua vijidudu, nje. Ndimu ambayo rafiki alimwambia apake usiku ili kuondoa madoa, kabisa kabisa asithubutu: maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi yanaweza kuibabua na kuacha madoa meusi kuliko yale aliyotaka kuyaondoa.

Asubuhi anawe kwa maji ya uvuguvugu tu. Jioni, sabuni ya maji ya uso isiyo na manukato, tone dogo, kwa vidole, bila dodoki wala kitambaa cha kusugulia. Kujifuta ni kwa kugusisha taulo, si kupangusa.

Aliniuliza kama anywe maji mengi. Kunywa maji ukiwa na kiu ni jambo jema kwa mwili mzima, lakini ngozi ya juu iliyokauka kwa sabuni na upepo haijazwi kwa glasi ya maji. Tatizo lake lilikuwa maji yanayotoka.

Tulichochagua na kwa nini

Kwa mashavu na paji la uso, usiku, tulichagua mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi. Mteja mwingine angesikitika. Alitegemea kitu cha gharama. Lakini petrolatumu, yaani mafuta ya mgando yenyewe, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872, hadi leo haijapata mpinzani katika kuzuia maji yasitoke: hupunguza upotevu kwa takribani asilimia 98, wakati mafuta mengine mengi hufika asilimia 20 hadi 30. Haina viambata vingi vya kuchokoza. Na inapatikana Makete. Lile kopo lake la harufu ya kakao lilikuwa kitu kile kile pamoja na manukato, na manukato ndiyo yaliyoliharibu.

Ila halikutosha peke yake. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanafunga yaliyopo. Ukiyapaka kwenye uso mkavu unafunga ukavu. Kwa hiyo agizo lilikuwa hili: nawa, gusisha taulo, na kabla uso haujakauka, ndani ya dakika mbili tatu, paka. Kwa mchana tulichukua krimu nzito isiyo na manukato yenye gliserini na keramidi, ikipakwa vilevile juu ya unyevu. Gliserini ile ile iliyomchoma ikiwa tupu, humo ndani ilikuwa kwa kiasi kidogo na ikiwa na mafuta juu yake ya kuizuia isipoteze maji inayoyashika.

Kuzunguka mdomo ilikuwa tofauti. Vipele vya pale huchochewa na vitu vizito vinavyofunika, kwa hiyo tulimwambia asipake mafuta ya mgando eneo hilo na aipake krimu kwa uchache sana, mpaka tabibu aseme vinginevyo. Uso mmoja unaweza kuhitaji mambo mawili kwa wakati mmoja, na hili watu wengi hawaambiwi.

Mafuta ya nazi aliyoyazoea nyumbani tuliyaweka kando kwa sababu kwa watu wenye chunusi mara nyingi huziba vinyweleo. Aliuliza kuhusu mafuta ya zeituni, kwa kuwa mhubiri mmoja aliyasifia. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliwapaka watu wazima 19 mafuta ya zeituni mikononi kwa wiki kadhaa na kukuta yanaidhoofisha kinga ya ngozi, ilhali mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Sababu inayotajwa ni asidi ya oleiki, ambayo zeituni imejaa, na asidi ya linoleiki, ambayo alizeti ina kwa wingi na ambayo ngozi huitumia kujenga keramidi zake. Sikumwambia akapake mafuta ya kupikia ya alizeti ya Singida usoni. Lakini kwa mama aliye mbali na duka lolote, mwenye mikono iliyopasuka, alizeti safi ni bora kuliko zeituni ya bei.

Kuna krimu nyeupe ya bei nafuu iitwayo aqueous cream ambayo maduka mengi ya dawa huuza kama mafuta ya kulainisha ngozi kavu. Sikumpa hiyo. Ina sabuni ndani yake, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba inaweza kuwasha na kuchoma ikiachwa kwenye ngozi, hasa ya watoto wenye pumu ya ngozi. Inafaa kunawia, si kuachwa.

Lebo nilimfundisha kuisoma kwa vitu vichache tu. Viambata hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, kwa hiyo kitu kinachotangazwa kwa maandishi makubwa mbele ya kopo na kuonekana mwisho wa orodha kipo kwa jina. Neno "fragrance" au "parfum", yaani manukato, lilimtosha kuirudisha bidhaa rafuni. "Unscented" (isiyonukia) si sawa na kutokuwa na manukato. Wakati mwingine harufu imewekwa ili kuificha harufu nyingine. "Hypoallergenic" (isiyo rahisi kuleta mzio) haina kipimo kimoja cha kisheria kinachoilazimu, "natural" (ya asili) vilevile, na ndimu pia ni ya asili. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M maana yake miezi 12 baada ya kufungua. Kama kuna uchaguzi kati ya kopo la kuchovya vidole na tyubu au chupa ya kubonyeza, achukue ya pili, kwani vidole huingiza vijidudu.

Kila kitu kipya kilipimwa kwanza nyuma ya sikio na upande mmoja wa taya kwa siku kadhaa kabla ya kupewa uso mzima. Na kimoja kimoja. Ukianza vitu vitatu Jumatatu na uso ukavimba Jumatano, hutajua umlaumu yupi.

Kisha kiasi. Madaktari wana kipimo cha ncha ya kidole, kilichopendekezwa mwaka 1991: krimu iliyominywa kutoka tyubu ya kawaida kuanzia kwenye pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi nchani ni karibu nusu gramu. Uso na shingo huhitaji takribani vipimo viwili na nusu, yaani gramu 1.25. Mara mbili kwa siku ni gramu 2.5, na tyubu ya gramu 50 inaisha kwa siku 20. Aliposikia hesabu hiyo alikaa kimya kidogo, akahesabu mshahara wake. Ndiyo sababu nilikataa kumuuzia krimu ya gharama. Krimu ya gharama hupakwa kwa kuibania, tone moja lisambazwe uso mzima, na hapo haifanyi kazi. Afadhali ya bei ya kawaida ipakwe inavyotakiwa. Kwa yeye, mafuta ya mgando usiku yalipunguza matumizi ya krimu karibu nusu.

Wiki ngumu

Tulimwonya kwamba uso utakuwa mbaya kwanza. Hata hivyo hakuna anayejiandaa kwa hilo vya kutosha. Katika siku za mwanzo mashavu yaliwaka, ngozi ikamenyeka kwa mabamba, na wanafunzi wakamuuliza, "Madam, umeungua?" Alinipigia simu jioni akilia. Muuzaji alikuwa amerudi kutoka safari, na kikopo kipya kilikuwa kinapatikana. Kingemtuliza kesho yake asubuhi, na yeye alijua hivyo.

Nilimwambia ukweli kwamba ndiyo, kingetuliza, na kwamba mwezi mmoja baadaye tungekuwa hapa hapa, ngozi ikiwa nyembamba zaidi. Nilimpa kazi: kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, dakika chache juu ya mashavu, kisha krimu. Nilimpigia simu tabibu wake naye akasogeza miadi mbele. Mwalimu mkuu, ambaye ni mama wa makamo, alimpangia vipindi vya asubuhi ili mchana asikae sana nje. Nadhani huruma ya mama yule ilisaidia kama dawa.

Ngozi ya juu hujifanya upya kwa takribani wiki nne, na kwa ngozi iliyoumizwa huchukua zaidi. Ilipita zaidi ya mwezi kabla hajaniambia kwamba ameamka na uso hauvuti. Maji yaliacha kuchonyota kwanza, vipele vya mdomoni vikafuata, na wekundu ndio uliochelewa.

Maji yalipoacha kuchonyota ndipo tulipoongeza kinga ya jua. Kabla ya hapo isingevumilika. Wakati huo alitumia kofia pana na mtandio. Nyanda za juu ni baridi, kwa hiyo watu hudhani jua lake ni dogo, lakini miale inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ngozi iliyopakwa mkorogo haina ulinzi wake wote. Kisha alipata mafuta ya jua ya madini yenye oksidi ya zinki, kipimo cha kinga SPF 30, ambayo haikumchoma ila ilimwacha na weupe wa majivu. Baadaye alihamia yenye rangi ya kahawia, na oksidi za chuma zinazoipa rangi hiyo zina faida ya ziada kwa mwenye madoa, kwani huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea weusi. Nilimtajia KiliSun, mafuta ya jua ambayo utengenezaji wake ulianzia Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hayo ni yao na yanawafikia kupitia kliniki zao, lakini nilitaka ajue kwamba kinga ya jua si anasa ya wazungu.

Desemba

Alipokwenda likizo Tanga alibeba kila kitu na kukitumia kama Makete. Kabla ya Krismasi alinitumia picha: paji la uso limejaa chunusi ndogo, uso unang'aa kwa jasho. Aliogopa kwamba yote yamerudi. Hayakuwa yamerudi. Mashavu yalikuwa tulivu, mdomo safi. Krimu ile ile iliyomwokoa Julai ilikuwa imegeuka mzigo kwenye hewa ya bahari. Nilimwambia aache mafuta ya mgando kabisa akiwa pwani, krimu aipake usiku tu na kwa nusu ya kiasi, na mchana abaki na kinga ya jua peke yake. Pia nilimuuliza kuhusu nywele. Alikuwa amesuka, na mafuta ya nywele yalikuwa yakishuka kwenye paji. Chunusi za aina hiyo zimeelezwa na madaktari tangu mwaka 1970. Akaanza kupaka mafuta kwenye mistari ya katikati tu na kufunga kitambaa safi usiku, na paji likatulia.

Sasa ana utaratibu wa aina mbili, wa kazini na wa nyumbani, na anajua anapobadilisha ni kwa sababu gani. Kilichobaki ni mabaka meusi juu ya mashavu. Hayo huchukua miezi mingi kufifia, na mengine hayatoki yote. Ameshaulizia dawa za kuyaondoa mara mbili, na mara zote mbili jibu langu limekuwa lile lile: kinga ya jua kila siku, krimu yake, na miadi ya tabibu mwezi wa Machi. Chochote chenye kazi ya kufuta madoa kitaamuliwa huko, ngozi ikiwa imepona. Mwenzake wa shule aliyenunua kikopo kutoka kwa muuzaji yule yule amekuja naye safari iliyopita. Yeye ana ujauzito wa miezi minne, kwa hiyo tumeanza na barua ya hospitali kabla ya mafuta yoyote.